Binti, vinyonga na jibu la "huenda"

Mwalimu mmoja mstaafu wa Lushoto alikuwa na mpango wake. Binti angesoma famasia, angefungua duka la dawa mjini, na ada ingerudi taratibu. Binti akachagua wanyama. Si ng'ombe wala kuku, ambao angalau wana ajira. Akachagua vinyonga.

Akiwa kwenye shahada ya uzamili, alirudi likizo na kompyuta mpakato isiyozimwa usiku wala mchana. Mama yake, ambaye hata jina la kinyonga hapendi litajwe ndani ya nyumba, alilalamikia luku tu. Baba alivumilia siku mbili. Ya tatu akauliza mashine inatafuta nini.

"Inatafuta hawa vinyonga wadogo wa msituni walianzia mlima upi, baba. Usambara, Uluguru, au kwingine."

"Ikimaliza itakuambia?"

"Itaniambia huenda ni wapi, na hiyo huenda ina uzito kiasi gani."

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Mzee alisomesha watoto wa watu kwa miaka thelathini akiwafundisha kwamba jibu ama ni sahihi au si sahihi. Leo analipa ada ili aletewe "huenda"? Akauliza swali ambalo kwa haki lilikuwa zuri: "Nani alikuwepo akaona?"

Hakuwepo mtu. Ndiyo maana programu kama RevBayes zikatengenezwa. Mtafiti anaipa ukoo wa spishi uliopangwa kwa kulinganisha vinasaba, pamoja na orodha ya mahali kila spishi inapoishi sasa. Programu inachukulia kwamba spishi inaweza kuenea hadi eneo jipya, kutoweka mahali, au kugawanyika ikawa mbili. Kisha inabuni historia moja, inaipima kama inaendana na hali ya leo, inaibadilisha kidogo, inapima tena, mara maelfu kwa maelfu. Historia zinazoendana vizuri hurudiwa mara nyingi zaidi, na kinachohesabiwa mwishoni ni marudio hayo.

Msingi wake ni wazo la Thomas Bayes, mchungaji wa Uingereza ambaye andiko lake lilichapishwa mwaka 1763, baada ya kifo chake: anza na makisio, kisha yarekebishe kadiri ushahidi unavyoingia. Mama anayesikia mtoto akikohoa usiku hufanya hivyohivyo. Msimu wa baridi anadhani ni mafua. Akisikia kifua kinakoroma, anabadili mawazo na kuamka.

Kwa nini siku tatu? Milima ya Tao la Mashariki, kuanzia Taita hadi Udzungwa, huhesabiwa kuwa safu 13. Spishi moja inaweza kuwa kwenye safu moja, mbili au zote, na ukijumlisha namna zote unapata 8,191. Maeneo yakifika 20, namna hizo zinapita milioni moja. Mwaka 2013 Michael Landis na wenzake walitoa programu ya BayArea kwa ajili ya tatizo hilo hasa la maeneo kuwa mengi.

Mzee alisikiliza, lakini hakulainika mpaka binti alipoutaja ukoo wao wenyewe.

"Baba, ndugu zetu wengi wako wapi?"

"Korogwe."

"Kwa hiyo tumetokea Korogwe?"

Mzee akacheka. Korogwe walifuata kazi za mkonge, wakazaana huko. Matawi ya zamani ya ukoo yako milimani, kwenye nyumba chache tu. Anayehesabu vichwa angepotea. Anayefuata nani alizaliwa na nani asingepotea.

Basi Madagaska ni kama Korogwe, binti akamwambia. Karibu nusu ya spishi za vinyonga duniani ziko kisiwani huko, na mwaka 2002 watafiti waliandika kwamba ndiko walikotokea. Mwaka 2013, baada ya ukoo kupangwa kwa spishi nyingi zaidi, wengine wakaonyesha kwamba kuna uwezekano mkubwa zaidi walianzia bara la Afrika, yapata miaka milioni 90 iliyopita, kisha wakavuka maji kwenda Madagaska mara mbili. Hata kinyonga wa Shelisheli, aliyedhaniwa ni ndugu wa wale wa Madagaska, vinasaba vyake vinamweka karibu na vinyonga wadogo wa Afrika Mashariki.

"Kwa hiyo wale wa 2002 walikosea," mzee akasema, kwa furaha kidogo ya mwalimu.

"Walikuwa na ushahidi mchache, baba. Na mimi nikiandika 'hakika' leo, kesho nitaumbuka."

Jioni hiyo kompyuta ilimaliza. Binti alikuwa ameendesha hesabu mara mbili, kila moja ikianzia mahali tofauti, kwa sababu zisipofika pamoja hakuna ya kuaminiwa. Hazikufika pamoja. Moja ilielemea Usambara, nyingine Uluguru. Mzee, ambaye bila kusema alishaanza kuishabikia Usambara, alitaka aandike ile ya kwanza. Binti akakataa, akaziendesha upya kwa muda mrefu zaidi, akaondoka nazo zikiwa hazijaisha.

Suala la ajira bado halijafungwa. Duka la dawa hutajwa kila anapopiga simu. Ila siku hizi, kabla ya duka, baba huuliza kwanza kama zile hesabu mbili zimekubaliana.