Kaa na taa: Tege sikio ukipita Kilifi na Malindi

UKITOKA Mombasa kwa matatu kuelekea kaskazini, mwendo wa kilomita zipatazo 60 utakufikisha daraja la Kilifi, lililofunguliwa mwaka wa 1991 na kuwaondolea wasafiri adha ya kungojea feri. Songa mbele kilomita nyingine kama hizo, upite msitu wa Arabuko-Sokoke na magofu ya Gede, uingie Malindi.

Njiani, msomaji, tege sikio. Mgiriama atakuomba "madzi" pale wewe usemapo maji. Katika lahaja za Waswahili wa huku, macho ni "mato" na njia ni "ndia". Mgeni wa kutoka bara aweza kudhani watoto wa hapa wana kasoro ya ulimi. La, hasha! Mtoto anayetamka kama mamake hana ugonjwa wowote.

Hata hivyo, wapo wenye shida ya kweli. Fika wanaposhushia samaki pale Malindi. Yule mwenye magando ni kaa. Yule bapa mwenye mkia mrefu ni taa. Mtoto wa miaka miwili akiwaita wote "taa", wazazi hucheka, na hakuna ubaya, kwani ulimi wake bado unajifunza. Lakini akiingia shule na hali ni ile ile, kicheko hugeuka kejeli. Wenzake humwiga, naye huona heri anyamaze. Hata jibu analolijua halisemi.

Baadhi ya jamaa hudai ulimi "umefungwa" na kutaka ukatwe kwa wembe. Hiyo ni hatari, na mara nyingi chanzo hakiko hapo. Mtaalamu wa matamshi huanza na masikio, kwani asiyesikia vyema hawezi kuiga sauti vyema. Kisha hutazama kinywa. Kaakaa lililopasuka huhitaji upasuaji kabla ya mazoezi. Halafu humsikiliza mtoto katika lugha ya nyumbani kwao.

Matibabu yenyewe yana njia kadhaa. Moja ni kumwonyesha mtoto kwa kioo mahali ulimi unapokaa. Huanza na sauti pekee, ikafuata silabi, neno, sentensi, hadi mazungumzo ya kawaida. Nyingine hutumia maneno yanayotofautiana kwa sauti moja, kama kaa na taa, au kula na kura. Picha mbili huwekwa mezani. Mtoto anayetaka kaa akisema "taa", hupewa taa! Hapo hung'amua mwenyewe kwamba sauti moja hubadili maana.

Nawe mzazi una kazi. Usimcheke wala kumlazimisha arudie. Akisema "tutu", mjibu kwa upole: "Naam, kuku. Kuku mkubwa!" Dakika 10 za mchezo kila siku zafaa kuliko saa nzima ya kukaripiwa.

Wataalamu hawa ni wachache nchini, na wengi wako katika miji mikubwa. Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, kilianza kuwafunza mwaka wa 2008. Hapa Kenya, muulize mwalimu mkuu kuhusu vituo vya kuwapima watoto wenye mahitaji maalumu, mpango ulioanza mwaka wa 1984.

Kilifi yenyewe ina funzo. Watafiti wa KEMRI, ambao wako mjini humo tangu 1989, waliwapima watoto walionusurika malaria kali na kukuta baadhi wamebaki na matatizo ya usemi na lugha. Vipimo viliandaliwa kwa Kigiriama, lugha ya watoto wenyewe. Kwa hivyo, mtoto aliyekuwa akisema vizuri akabadilika baada ya kuugua, mpeleke hospitali upesi.

Na ikiwa mwanao ametimiza miaka minne na wageni bado hawamwelewi, usingoje "atakua tu". Wavuvi wa Malindi hawahitaji kukumbushwa: samaki mkunje angali mbichi.