Mawe ya Dodoma ni Pambo la Mji

Msafiri atokaye pwani, aingiapo Dodoma, huona mawe kabla hajauona mji. Miamba imekaa juu ya vilima kama wazee barazani, na chini yake mibuyu imesimama tambarareni. Asubuhi moja nilipanda kilima, nikawakuta watoto wawili wakiteleza juu ya jabali laini, huku wakicheka.

TANU ilipoamua mwaka 1973 kuhamishia hapa makao makuu ya nchi, wengi waliiona ardhi hii kuwa kame tu. Lakini mpango wa mji wa mwaka 1976 haukutaka kuisawazisha nchi. Ulitaka mji ufuate miinuko na mabonde, watu watembee kwa miguu na kupanda mabasi, na vilima viachwe wazi viwe pambo la wote.

Wazo hilo si geni mkoani humu. Huko Kolo, wilayani Kondoa, watu wa kale walichora kwa rangi nyekundu wanyama na watu warefu, wembamba, chini ya miamba iliyoinama. Hawakuuvunja mwamba ili wapate ukuta. Waliukuta, wakauheshimu, wakaupamba. Mwaka 2006 michoro hiyo iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Mjini Dodoma, katika Uwanja wa Nyerere, imesimama sanamu ya Mwalimu. Ni jambo jema, lakini sanamu moja haiutoshi mji wenye mawe mengi kiasi hiki. Mwaka 2018 Dodoma ilitangazwa kuwa jiji, na sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu zaidi ya 760,000. Kila familia yahitaji nyumba, na nyumba yahitaji kokoto. Hapo ndipo penye hatari, ndugu msomaji. Jabali lililofinyangwa na jua na mvua kwa enzi nyingi huvunjwa kwa siku chache, wala hakuna fundi awezaye kuliunda tena.

Basi wapimaji wa viwanja wafuatane na wachongaji na wachoraji wetu mapema, kabla barabara haijapita. Watazame pamoja jiwe lipi listahili kuchongwa, na lipi liachwe kama lilivyo.

Niliposhuka kilimani, wale watoto walikuwa bado wakiteleza. Niliwaombea wajukuu wao walikute jabali lile mahali pake.