Mstari wa Mrithi

Alhamisi ndiyo iliyokuwa siku yetu ngumu kiwandani. Gazeti la Serikali hutoka Ijumaa, kwa hiyo kila Alhamisi jioni ilitukuta wapangaji wa herufi wangali wamesimama mbele ya makasha yao, wasomaji wa prufu wakisomeana kwa sauti, na mimi nikizunguka katikati yao kuuliza ukurasa upi umeshafungwa na upi bado. Alhamisi ya tarehe 2 Novemba 1978 kazi hiyo ilisimama. Fundi mmoja aliiweka redio juu ya meza ya chuma tuliyofungia kurasa, mashine zikazimwa moja baada ya nyingine, tukamsikiliza Mwalimu Nyerere akieleza kwamba majeshi ya Idi Amin yameingia Kagera na kwamba tutayapiga. Siku moja kabla, Amin alikuwa ametangaza kuwa ardhi yetu yote iliyo kaskazini ya Mto Kagera ni mali ya Uganda. Hotuba ilipokwisha hatukusemezana. Mzee wetu wa kupanga herufi alikuwa wa kwanza kurudi kwenye kasha lake, na sisi wengine tukamfuata.

Nilikuwa msimamizi wa uzalishaji katika kiwanda cha chapa cha serikali, Dar es Salaam. Niliingia pale mwaka 1960 nikiwa mwanagenzi. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kufagia chini ya makasha, kuokota herufi zilizodondoka na kuirudisha kila moja kwenye kijumba chake. Mzee huyo ndiye aliyenifundisha kusoma herufi kichwa chini na kinyumenyume, na hata nilipokuja kuwa mkubwa wake kazini sikuacha kumwamkia shikamoo kila asubuhi.

Asubuhi ya Ijumaa nilikwenda stoo na mtunza stoo, tukafungua milango yote miwili ili mwanga uingie. Rafu za juu zilikuwa tupu. Kwenye rafu za chini kulikuwa na karatasi nyeupe ya kuandikia, kiasi ambacho kwa mwendo wetu wa kawaida kisingetufikisha Pasaka, na marobota ya karatasi laini ya rangi ya majivu, ile ya magazeti, ambayo hatukuwa na desturi ya kuitumia kwa kazi za ofisi.

Uhaba ulikuwapo kabla ya vita. Februari 1977 mpaka wetu na Kenya ulifungwa, mwaka huo huo Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na vipuri tulivyozoea kuvipata Nairobi kwa simu moja vikawa vya kusubiri meli kutoka Ulaya. Novemba 1977 ikaanza elimu ya msingi kwa wote, watoto wakamiminika shuleni, na kila darasa jipya lilitaka daftari la mahudhurio. Kazi hiyo niliipenda kuliko zote. Lakini fedha ya kahawa iliyokuwa nono mwaka 1977 ilikuwa imekwisha, na sasa kila dola iliyobaki ilitakiwa kwa mafuta, matairi na dawa za majeruhi. Karatasi yetu wenyewe hatukuwa nayo. Kiwanda cha Mgololo kilikuja kuanza katikati ya miaka ya 1980. Wakati ule misonobari ya Sao Hill ilikuwa bado ikikua.

Watu wakifikiria vita hufikiria mizinga. Mimi niliiona ikija kwa mafungu ya maombi juu ya meza yangu. Malori na mabasi ya watu yalichukuliwa kupeleka askari mbele, na kila gari lilihitaji hati ili mwenyewe aje adai haki yake. Petroli ilihitaji vocha. Majeruhi walihitaji kadi. Mgambo walioitwa kutoka vijijini kwa makumi ya maelfu walihitaji fomu za kuandikishwa. Na wananchi walikuwa wakichanga: fedha, mahindi, mbuzi, ng'ombe. Aliyetoa ng'ombe alistahili stakabadhi, naye aliingoja. Ofisa mmoja wa wilaya alisafiri kwa treni hadi Dar es Salaam kuja kunieleza jambo hilo ana kwa ana. Alisema wazee wa kwake hawakudai malipo yoyote, walitaka tu karatasi yenye mhuri inayosema kwamba fulani wa kijiji fulani ametoa dume moja kwa ajili ya nchi, na kwamba wangeipokea kwa mikono miwili. Usiku ule ule niliweka stakabadhi kwenye mashine mbele ya kazi nyingine zote, na mpaka leo naona nilifanya vyema.

Tukaanza kubana. Tulipunguza pambizo. Tulichapa pande mbili kile kilichokuwa kikichapwa upande mmoja. Kulikuwa na shehena ya karatasi zenye vichwa vya iliyokuwa Jumuiya, ambazo hakuna tena aliyekuwa na haki ya kuziandikia barua. Tukazigeuza na kuchapa mgongoni. Chengachenga za mashine ya kukatia hazikutupwa, zilifungwa vitita vya kuandikia ujumbe. Gundi ya kujalidia vitabu ilipokwisha, akina mama wa idara ya ujalidi walipika uji mzito wa unga wa muhogo, wakatia shabu ili usichache na mrututu ili mende wasiule. Nina leja iliyojalidiwa kwa uji ule. Bado imeshika.

Wino ulikuwa taabu zaidi. Ukiuongeza mafuta ya taa unakwenda mbali, lakini unatanda, na herufi inatoka na kivuli cha mafuta pembeni kama doa la samli. Niliruhusu hivyo kwa matangazo ya ukutani tu. Kwa Gazeti la Serikali sikuruhusu. Kanuni ndogo hazipati nguvu ya sheria mpaka zitangazwe humo, na nilijiuliza mwananchi atatiije amri ambayo tarakimu zake hazisomeki.

Na risasi. Kwetu wapiga chapa neno hilo lina maana yake: ni madini ya herufi, mchanganyiko wa risasi, bati na antimoni. Mashine yetu ya Linotype iliyeyusha madini hayo, ikafua mistari mipya, na kazi ikiisha mistari ilirudi kwenye chungu kuyeyushwa tena. Kila yanapoyeyushwa, bati na antimoni hupungua pamoja na taka inayoenguliwa juu, na baada ya muda herufi zinakuwa laini, zinapondeka kabla mashine haijamaliza kazi. Dawa yake ni madini ya kuongezea nguvu, nayo yaliagizwa nje. Hayakuja. Fundi akanikumbusha kwamba herufi za zamani za kupangwa kwa mkono zina bati na antimoni nyingi kuliko mistari ya mashine. Tulikuwa na makasha ya herufi za mapambo zisizotumika tena, zenye mikia na maua, zilizobaki tangu enzi za ukoloni. Nilimwomba mzee achague zipi ziende chunguni. Alichukua siku mbili. Aliyafungua makasha moja moja, akachapa nakala moja ya kila aina ya herufi kwenye karatasi ya majivu ili kuwe na kumbukumbu, ndipo akaniambia, "Haya, mwanangu, chukua."

Siku hizo mbili alinieleza habari niliyokuwa nimeisikia nusunusu. Mwalimu wake wa kazi alijifunza chapa chini ya Wajerumani. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, Waingereza waliziba bahari, na noti za benki hazikuweza kufika kutoka Ujerumani. Kuanzia mwaka 1915 Wajerumani wakachapa noti za muda hapa hapa Dar es Salaam, baadaye Tabora, kwa karatasi yoyote iliyopatikana. Kufikia mwaka 1917, jeshi lao likiwa porini, waligonga noti za rupia kwa mihuri ya mpira. Mzee aliwahi kuishika moja. Alisema ilikuwa duni kuitazama, herufi zimepinda, ila mtu aliyeikata karatasi ile aliikata kwa mraba sawasawa. Jambo hilo ndilo lililomkaa moyoni, kwamba hata porini kulikuwa na mtu aliyenyoosha ukingo.

Sasa nifike kwenye fomu.

Desemba 1978 ofisi moja ilituletea sampuli ya fomu ya kuandikisha vijana, ukurasa mzima wa fulskepu, ikitakiwa kwa wingi na kwa haraka ili iwahi treni ya Mwanza na meli ya kuvuka ziwa kwenda Bukoba. Niliiangalia nikaona nafasi nyingi nyeupe. Nikachukua kalamu nyekundu. Nilipunguza herufi kutoka pointi 10 hadi 8, nikaunganisha vipengele, nikaondoa mistari, mpaka fomu mbili zikaenea katika ukurasa mmoja. Karatasi nyeupe niliitunza kwa ajili ya Gazeti, fomu nikaamuru zichapwe kwenye karatasi ya majivu. Wenye fomu walikubali bila swali, na wakubwa wangu walinipongeza. Nami nilijipongeza. Nilikwenda nyumbani usiku ule nikiwa na furaha ya fundi aliyekata kitambaa kidogo kikatosha nguo mbili.

Katika mistari niliyoiondoa kulikuwa na miwili ya mrithi. Sampuli ilikuwa na mitatu: majina kamili, uhusiano, na mahali anapopatikana. Nikauacha mmoja wa nukta, wa inchi mbili.

Kampala iliangukia mikononi mwa jeshi letu na wapiganaji wa Uganda Aprili 1979, na Juni vita vikaisha. Mwalimu alituomba miezi 18 ya kufunga mikanda, nasi tulikuwa tumeshaifunga. Vijana walianza kurudi. Wengine hawakurudi.

Katika idara ya ujalidi kulikuwa na mama mmoja, mwepesi wa mkono kuliko wote katika kuhesabu na kufunga vitita. Mwanawe alikwenda na mgambo na akafia Uganda. Tulimzika kwa dua tu, bila maiti. Miezi ikapita. Siku moja baada ya king'ora cha chakula alibisha mlango wa ofisi yangu, akasimama, akakataa kiti.

"Ndugu Msimamizi," alisema, "ile fomu tuliyoikata nusu. Nimeiona ya mwanangu."

Alikuwa amekwenda mara nne kwenye ofisi inayoshughulikia mafao, na mara ya nne karani alimwonea huruma akamtolea jalada. Karatasi ile ya majivu huunywa wino wa kalamu na kuutandaza. Kwenye inchi mbili za mrithi, kijana au aliyemwandikia alibana maneno matatu, na wino ukayavimbisha hata yakashikana. Neno lililosomeka ni "mama". Karani alikuwa na mama wengi wa kuwatafuta.

Sikuwa na la kumjibu. Nilitaka kumwambia habari za rafu tupu, za mpaka na za dola, na zote zilikuwa kweli, lakini alizijua, alikuwa nasi kiwandani. Zaidi ya hapo, fomu zile alizihesabu yeye. Alizifunga vitita yeye mwenyewe kwa mikono yake, na huenda ya mwanawe ilipita humo. Hilo sikuwa nimelifikiri mpaka aliposimama mbele yangu, wala hakulitaja. Nilimwomba radhi. Alisema, "Kazi ilikuwa ya sote." Nikamwambia hapana, kalamu nyekundu ilikuwa yangu.

Niliandika barua kueleza kwamba fomu ilipunguzwa kiwandani kwetu, kwa amri yangu, na kwamba upungufu wa maelezo usihesabiwe kosa la marehemu wala la wazazi wake. Nilikwenda naye mwenyewe kuipeleka, mara ya tano kwake, ya kwanza kwangu. Madai yake yalipita baada ya muda mrefu. Ya wengine siyajui, na hilo ndilo ninaloamka nalo usiku.

Lakini kabla ya kwenda, siku ile ile ofisini, nilimwomba aniandikie majina yake yote kama anavyotaka yaandikwe. Nilimpa karatasi nyeupe ya Gazeti, siyo ya majivu. Alikuwa amejifunza kuandika katika darasa la jioni la wafanyakazi, mle mle kiwandani, kati ya marobota. Hapo ndipo alipokubali kukaa. Aliinama akaandika jina lake, la baba yake na la babu yake, kisha mtaa, kwa herufi kubwa zilizoachana, bila haraka, huku akihema kila anapomaliza neno.

Alipotoka niliichukua karatasi ile hadi chumba cha kupangia. Mzee alikuwa akifunga ukurasa. Nilimwomba rula yake ya chuma, nikailaza chini ya majina ya yule mama, kutoka herufi ya kwanza hadi ya mwisho. Inchi tano na nusu. Nikamwomba anikatie mstari wa nukta wa urefu huo.