Mtoto Aliyebadilika: Kumbukumbu za Kazi ya Daktari wa Ubongo

Daktari aliyefundishwa nchini Tanzania katika miaka ya 1990 aliingia wodi ya watoto akiwa na orodha fupi ya maradhi yanayovamia ubongo: malaria iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo inayoletwa na bakteria, kifua kikuu kilichofika kwenye utando wa ubongo, na magonjwa nyemelezi yanayofuatana na UKIMWI. Mwandishi wa kumbukumbu hizi alianza kazi jijini Dar es Salaam na orodha hiyo hiyo, na hapakuwa na sababu kubwa ya kuitilia shaka, kwa kuwa wengi wa watoto walioletwa usiku wa manane wakiwa na degedege walitundikiwa dripu ya kwinini, wakachomwa penisilini na kloramfenikoli, na baada ya siku chache wakaanza kuomba uji. Walibaki wachache wasioingia katika orodha. Hao hawakuwa na homa, au walikuwa nayo kidogo kisha ikaisha; ugonjwa wao ulianza kwa kukosa usingizi, kucheka ovyo au kumwogopa mama mzazi, maneno yakapungua hadi mtoto akanyamaza kabisa, kisha midomo ikaanza kutafuna pasipo chakula na mikono kujisokota bila kukoma. Jina la ugonjwa lilitegemea mlango aliopitia mtoto: maabara iliyoona vimelea iliandika malaria, wodi ya wagonjwa wa akili iliandika kichaa, na jamaa wa nyumbani, ambao ndio waliomtazama kwa muda mrefu kuliko wote, walisema amepandwa na mashetani.

Elimu iliyokuja kuwakusanya watoto hao chini ya jina moja ilianza mwaka 2007, pale Josep Dalmau na wenzake katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, walipoeleza habari za wanawake 12 waliorukwa na akili ghafla, wakapatwa na degedege na kupoteza fahamu, karibu wote wakiwa na uvimbe wa ovari uitwao teratoma. Katika damu na katika maji ya uti wa mgongo ya wagonjwa hao zilipatikana kingamwili, yaani protini ambazo mwili huzitengeneza ili kunasa vijidudu, lakini hizi zilikuwa zikinasa vipokezi vya NMDA, ambavyo hukaa juu ya seli za ubongo, hupokea kemikali ya glutamati na kuziwezesha seli kupashana habari, kujifunza na kutunza kumbukumbu. Kwa kuwa kingamwili hizo huvipunguza vipokezi zaidi kuliko kuziua seli zenyewe, mgonjwa aliyelala miezi bila kujitambua anaweza kurudi katika hali yake, jambo ambalo magonjwa mengi ya ubongo hayaliruhusu. Taarifa ya mwaka 2009 ndiyo iliyomgusa mwandishi zaidi, kwa sababu ilionyesha kwamba kati ya wagonjwa 81 waliochunguzwa, 32 walikuwa na umri wa miaka 18 au chini ya hapo, na kwamba kadiri msichana alivyokuwa mdogo, ndivyo uwezekano wa kumkuta na uvimbe ulivyopungua. Maelezo yake ya midomo inayotafuna na ya mtoto aliyeacha kusema yalilingana na mafaili yaliyokuwa yakikaa kabatini bila jina.

Tangu hapo kazi ya mwandishi iligeuka kuwa, kwa sehemu kubwa, kazi ya kuuliza. Mama anayefika hospitali hutaja kwanza kilichomtisha, nacho ni degedege, na yaliyotangulia huyaacha kwa kuyadhani ni utundu au deko; kwa hiyo swali la "mtoto anaumwa nini" lilizaa jibu fupi na la kupotosha, ilhali swali la alichofanya Ijumaa iliyopita, alipolala, alipokula na alipokwenda madrasa au shuleni, lilitoa mfululizo wenye maana. Mara nyingi bibi ndiye aliyekuwa shahidi bora, na heshima iliyostahili ilikuwa kumwamkia, kumwacha aanze anapotaka na kutomkatiza anapofika kwa mganga, kwani siku ya kwenda kwa mganga ni tarehe ya kitabibu kama nyingine yoyote: inaonyesha lini familia ilitambua kwamba mtoto amebadilika. Mwongozo uliotolewa na wataalamu wa nchi mbalimbali mwaka 2016, na ule wa watoto uliofuata mwaka 2020, unasisitiza dalili zinazojitokeza na kuongezeka ndani ya miezi mitatu, na kipindi hicho hakuna mashine inayoweza kukipima. Kwa mtu mzima mara nyingi akili huvurugika kwanza, bali kwa mtoto huenda degedege au viungo kucheza vyenyewe vikatangulia, na kuvurugika kwa akili kukaonekana kama hasira au kutotulia tu.

Kikwazo kikubwa kilikuwa malaria, si kwa sababu ilikosekana bali kwa sababu ilikuwepo mno. Pale ambapo watoto wengi hubeba vimelea bila kuumwa, kipimo kinachosoma chanya hakithibitishi kwamba vimelea hivyo ndivyo vilivyozima fahamu. Uchunguzi wa maiti uliofanywa Blantyre, Malawi, na kuchapishwa mwaka 2004, ulibaini kwamba karibu robo ya watoto walioaminika kufa kwa malaria ya ubongo walikufa kwa sababu nyingine, na kwamba alama iliyotofautisha vyema makundi hayo mawili ilikuwa mabadiliko ya retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Kifaa cha kutazamia retina ni kidogo na hakihitaji umeme wa gridi; kutotumika kwake katika wodi nyingi ni jambo ambalo mwandishi hakuwahi kulielewa.

Vipimo vyenyewe vina tabia zake. Picha ya MRI huwa safi kwa wagonjwa wengi wa aina hii, na ripoti safi imewarudisha nyumbani watoto waliostahili kulazwa. Kipimo cha umeme wa ubongo huonyesha mawimbi ya taratibu kupita kawaida, na hiyo ni dalili ya kwamba tatizo limo katika ubongo wenyewe wala si maigizo. Kingamwili hutafutwa kwa uhakika zaidi katika maji ya uti wa mgongo kuliko katika damu, lakini wazazi wengi huamini kwamba sindano ya mgongo hupoozesha au huua, imani iliyopata nguvu kwa kuwa watoto wengi huchomwa wakiwa tayari wamezidiwa. Sampuli ilisafirishwa nje ya nchi, na majibu yalikawia wiki nyingi huku mtoto akizidi kudhoofu.

Ndipo ulipokuwa uamuzi mgumu kuliko wote. Dawa za steroidi, ambazo hutuliza mfumo wa kinga, hufaa zaidi zikianza mapema, lakini mtoto mwenye kifua kikuu kilichojificha huweza kudhurika akipewa steroidi peke yake. Utaratibu uliofuatwa ulikuwa kusoma chembe na sukari katika maji ya mgongo siku hiyo hiyo, kupima VVU, kutafuta kifua kikuu kwa bidii, kumkinga mtoto kwa dawa ya virusi vya hepesi, kisha kuanza steroidi bila kungoja barua kutoka ng'ambo. Hepesi yenyewe haikuwa adui wa kupita: utafiti wa Hispania wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba zaidi ya robo ya waliougua hepesi ya ubongo hupatwa baadaye na shambulio la kingamwili, hivyo mtoto anayepona kisha akaharibika tena baada ya wiki chache hapaswi kuhesabiwa moja kwa moja kuwa amerudiwa na virusi. Imyunoglobulini, yaani kingamwili zilizochujwa kutoka damu ya wachangiaji, ilisaidia pale familia ilipoweza kuilipia, na wengi hawakuweza.

Katika miaka ya mwisho ya utumishi mizani ilielemea upande wa pili, kwani madaktari vijana, wakiwa wamesoma sana habari za NMDA, walianza kuiona kila mahali. Mwandishi aliwakumbusha ugonjwa wa kutikisa kichwa, ulioelezwa na Louise Jilek-Aall huko Mahenge tangu miaka ya 1960, ambao utafiti wa mwaka 2017 uliuhusisha na kingamwili dhidi ya protini iitwayo leiomodini-1, pengine kutokana na minyoo ya usubi, lakini hadi leo nadharia hiyo ina wapinzani wenye hoja nzito. Daktari mmoja wa zamu alipotaka kumwanzishia steroidi msichana aliyepinda shingo na midomo tangu asubuhi, mwandishi alimwomba kwanza amwulize mama kuhusu dawa zote zilizotolewa tangu juzi. Mtoto alikuwa ametapika, akapewa dukani metoklopramidi ya kuzuia kutapika, tena kwa kipimo cha mtu mzima; alichomwa dawa ya kupinga athari yake, shingo ikanyooka kabla ya dripu kuisha, na faili likafungwa kwa jina la metoklopramidi.