Miaka Mitano Wanakula Nini?

Basi la kutoka Siena hadi Montalcino hutumia saa moja na ushee, mwendo wa kilomita 40 hivi kuelekea kusini. Siku ile, mwanzoni mwa Oktoba 2014, ukungu ulikuwa mzito hata dereva aliinamia usukani kama mzee anayesoma barua bila miwani. Tukapita Buonconvento bila kuiona. Kisha barabara ikaanza kupanda, kona juu ya kona, na mara tukachomoza juani. Nyuma yetu bonde zima lilikuwa jeupe kama maziwa. Mbele, mji wa mawe ulikaa juu ya kilima kama chungu kwenye mafiga.

Nilikuwa nasoma Siena, Italia, na siku hiyo nilikuwa na euro thelathini mfukoni na swali la baba. Baba alikuwa na ekari moja na nusu ya zabibu kule Mpunguzi, kusini mwa mji wa Dodoma. Wiki moja kabla nilikuwa nimemsimulia kwa simu kwamba huku kuna mji ambao mvinyo wake, Brunello, sheria hairuhusu uuzwe mpaka Januari ya mwaka wa tano baada ya mwaka wa mavuno. Alinyamaza, nikadhani salio limekwisha. Kumbe alikuwa anapiga hesabu. "Sasa mwanangu," akauliza, "hiyo miaka mitano wanakula nini?"

Wenzangu wa chuoni walicheka nilipowasimulia. Hawakuwa wamelima zabibu. Kwetu Dodoma mzabibu haupati baridi ya kuulaza. Ukiupogoa vizuri unakuzalia mara mbili kwa mwaka, na wageni hudhani hiyo ni baraka tupu. Lakini zabibu ikishaiva haikungoji. Nikiwa darasa la sita, mnunuzi mmoja aliahidi kuleta lori Jumatatu. Tukavuna Jumapili baada ya misa, tukapanga ndoo uani chini ya mwarobaini. Lori halikuja Jumatatu, wala Jumatano. Kufikia Alhamisi uani kulikuwa na nyuki wengi kuliko watu, na harufu tamu iliyoanza kugeuka kuwa kali, ikapenya hadi kwenye mablanketi. Mama aligawia majirani walichotaka, zilizobaki wakala mbuzi. Baba hakusema neno. Alichukua mkasi wake akarudi shambani kupogoa, maana msimu mwingine ulikuwa unakuja.

Montalcino yenyewe unaimaliza kwa saa mbili, tena ukiwa na pumzi, kwa sababu kila kichochoro ama kinapanda ama kinashuka. Kuna mnara mwembamba wa jumba la mji, mwembamba mno, utadhani waliishiwa mawe. Kuna ngome iliyojengwa 1361. Florence na washirika wake walipoiangusha Siena mwaka 1555, baadhi ya Wasiena walikimbilia hapa na jamhuri yao, wakashikilia hadi 1559. Siena hawajasahau, hadi leo bendera ya Montalcino ina nafasi yake katika maandamano ya Palio, mbio zao za farasi. Ndani ya ngome hiyo sasa wanauza mvinyo. Nilinunua glasi moja ya Brunello ya 2009, iliyoruhusiwa sokoni mwaka huohuo niliofika, ikanila karibu nusu ya fedha zangu. Nikainywa polepole, kwa hasira kidogo. Ilikuwa nzuri. Ilikuwa inabana ulimi kama chai ya rangi iliyokaa sana jikoni, kisha ikalegea, na nikaanza kuelewa kwa nini mtu angeweka kitu kama hicho akakingoja.

Nilishuka kwa miguu njia ya kuelekea abasia ya Sant'Antimo, lakini sikufika. Nilikwama kwenye shamba. Udongo wao ni mawe matupu, vigae vinavyomeguka mkononi, wanaviita galestro. Baba angeutazama na kutikisa kichwa. Mwaka ule mvua zilikuwa zimeharibu kiangazi, na wavunaji walikata vichala taratibu, wakivigeuza, wakitoa punje zilizooza na kuzitupa chini. Nilizoea kuona zabibu zikitupwa. Sikuzoea kuona zikitupwa kwa makusudi. Mmoja wa wavunaji alikuwa kijana kutoka Senegali. Tulisalimiana kwa Kiitaliano chetu cha kuchechemea, akaniuliza natoka wapi, nikamwambia nyumbani nasi tunalima hizi. Hakuamini. Akanipa punje moja nionje, akaendelea na kazi.

Mzee aliyekuwa akisimamia upokeaji wa kreti aliniona nikizubaa, akanikaribisha ndani ya ghala. Mlango ulipofunguka miguu ikanigoma. Ilikuwa harufu ileile. Alhamisi ile ya kwetu uani, nyuki, mablanketi, vyote. Hapa ilikuwa harufu ya kazi inayokwenda sawasawa, na watu walipita katikati yake wakipiga mluzi. Nyuma ya mapipa ya kuchachulia yalikuwepo mapipa ya mwaloni, makubwa kama banda la ng'ombe, yamelala kimya. Mzee alilipiga moja kwa kiganja: hili la 2011, lile la 2012. Kila zabibu ndani yake ni Sangiovese, alisema. Ukichanganya aina nyingine huruhusiwi kuliita Brunello.

Nikamtolea swali la baba. Hakucheka. Alisema zamani hawakuwa na cha kula, na ndiyo maana watu waliondoka. Baba yake alilima shamba la tajiri kwa kugawana nusu kwa nusu, na katika miaka ya 1960 vijana walihamia mijini, nyumba za mawe zikabaki na popo. Mashamba ya Brunello yalikuwa machache; leo yamepita hekta 2,000. Kisha akahesabu kwa vidole: kuna Rosso, mvinyo mdogo wa zabibu hizohizo, unaouzwa baada ya mwaka mmoja tu. Kuna mafuta ya zeituni. Kuna asali. "Na benki," akamalizia, akabetua mdomo kama mtu aliyeuma limau.

Usiku nilimpigia baba. Nilimweleza wavunaji na yule kijana wa Senegali. Nilimweleza habari ya Rosso, akaitikia "ehee" kama anayesikia jambo alilokuwa amelihisi. Nilimweleza mapipa, akataka kujua pipa moja linachukua ndoo ngapi. Nilimweleza benki, akaguna. Harufu sikumtajia.

Nilipomaliza, akauliza swali jingine. "Na hao wanaovuna, yule kijana wa Senegali, analipwa kila jioni au naye anangoja miaka mitano?"

"Kila jioni, baba," nikamjibu. Ukweli ni kwamba sikuwa nimemuuliza.