Nani anakula bendiwidhi ya Mwalimu?

Nimekuwa kimya kwa sababu ya kazi, na leo nawaletea kisa cha kazi yenyewe.

Kuna mwalimu mmoja mstaafu wa Nakuru ninayemsaidia. Anauza karatasi za marudio za KCSE kwenye tovuti yake. Seva anayokodi iko kwenye wingu, na kifurushi chake kinaruhusu terabaiti 1 ya data kutoka kila mwezi. Kwa kawaida hamalizi hata gigabaiti 60. Basi tarehe 9 asubuhi ikaingia barua pepe ya kampuni: umeshatumia asilimia 90. Ikifika 100, ama alipe ziada kwa dola, ama seva izimwe. Na huu ulikuwa msimu wa mitihani, miezi anayotegemea kwa riziki ya mwaka mzima.

"Kijana wangu, kumbe wanafunzi wamekuwa wengi hivyo?" akaniuliza kwa simu.

"Mwalimu, malipo ya M-Pesa yameongezeka?"

Hayakuwa yameongezeka. Tukawaandikia watu wa msaada wa ile kampuni, wakatushauri tununue kifurushi kikubwa zaidi. Sitasema zaidi.

Jambo la kwanza kujua ni kama data inaingia au inatoka. Kampuni nyingi za wingu hazitozi inayoingia. Pesa ziko kwenye inayotoka. Amazon, kwa mfano, tangu Desemba 2021 hutoa gigabaiti 100 za kwanza bure kila mwezi, kisha katika vituo vyake vingi vya Marekani hutoza senti 9 za dola kwa kila gigabaiti. Terabaiti moja huko ni kama dola 80. Kwa biashara ya karatasi za shilingi hamsini hamsini, hizo si pesa za mchezo.

Nashukuru vnstat ilikuwa imeshawekwa kwenye seva. Programu hii ndogo huhesabu data ya kila saa, siku na mwezi, lakini haiwezi kukueleza yaliyotokea kabla hujaiweka. Nikaangalia saa kwa saa. Saa nane ya mchana, gigabaiti 4.5 zimetoka. Saa nane ya usiku, gigabaiti 4.5. Siku zote tangu tarehe mosi, mstari umenyooka kama reli. Hapo nikajua si watu. Watu hulala, huenda kanisani, hukatiwa stima. Na upande wa kuingia, karibu hakuna kitu.

Tupige hesabu kidogo, kwa sababu wengi huchanganya biti na baiti (hata wauza bando za simu). Baiti 1 ni biti 8. Mkondo wa megabiti 1 kwa sekunde, ukiachwa siku 30 bila kukatika, unatoa gigabaiti 324. Wetu ulikuwa megabiti 10, ambayo kwa seva ya kisasa ni kidogo mno hata tovuti haipungui kasi. Lakini ni gigabaiti 108 kwa siku! Tulikuwa tumebakiwa na gigabaiti 100, yaani chini ya siku moja.

Wengi hapa wangekimbilia kulaumu roboti za injini za utafutaji au picha kubwa. Kabla ya kulaumu, jumlisha. Kumbukumbu za Nginx huandika baiti zilizotumwa kwa kila ombi, na amri fupi ya awk inazijumlisha zote. Jibu: gigabaiti 2 kwa siku, kama kawaida. Kwa hiyo zile 108 hazikupitia kwenye tovuti hata kidogo.

Nikafungua iftop. Seva ilikuwa ikimimina data kwa anwani chache za nchi za mbali, kupitia UDP, mlango nambari 53. Huo ni mlango wa DNS. Amri ya ss -ulpn ikathibitisha: BIND inasikiliza dunia nzima, na kwenye usanidi wake fundi aliyenitangulia aliandika kwamba yeyote anaruhusiwa kuuliza chochote. Nikatega tcpdump kwa sekunde chache nikaona swali moja, jina la tovuti nisiyoijua, aina ya ANY, likirudiwa mara elfu na elfu.

Ujanja wenyewe ni huu. Mtu anatuma swali la baiti 60 hivi, lakini anaandika anwani ya mtu mwingine kama mtumaji. UDP haina salamu ya kuhakikisha ni nani anayebisha hodi. Seva inajibu kwa baiti 3,000, na jibu linamwangukia yule asiyeuliza. Ni kama mtu aagize sahani hamsini za pilau kwa jina la jirani, zote zikafikishwa mlangoni kwa jirani. Machi 2013 shirika la Spamhaus, linalopambana na barua taka, lilishambuliwa kwa njia hii kwa mkondo uliokadiriwa kufika gigabiti 300 kwa sekunde. Seva ya Mwalimu ilikuwa kijiko kimoja tu katika karamu kama hiyo, na yeye ndiye alikuwa akilipia pilau.

Tovuti yake haikuhitaji BIND kabisa. DNS yake iko kwa kampuni iliyomuuzia jina. Nikaizima, nikaifunga isiamke seva ikiwashwa upya, kisha nikaziba mlango 53 kwenye ukuta wa moto. Ndani ya dakika moja mkondo ulishuka kutoka megabiti 10 hadi kilobiti chache. Gigabaiti zilizobaki zikatosha hadi mwisho wa mwezi na bado zikabaki.

Siku hizi kuna skripti ya cron inayosoma vnstat kila saa na kunitumia barua pepe data ya kutoka ikipita gigabaiti 6 kwa siku. Yale maswali ya ANY nayo yaliendelea kubisha hodi wiki mbili nzima, bila kujibiwa, kabla hayajakoma.