Kabla ya Kumkaripia Mama

Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi imepita kwenye chumba cha vidonda. Nimekuwa tabibu katika vituo vya afya vya mikoa ya Tanga na Pwani, na wagonjwa niliowazoea zaidi ni wale wanaoingia wamebebwa: aliyejitia punje ya hindi puani, aliyemwagikiwa na uji, aliyekanyaga kioo, aliyeanguka kitandani, aliyekunywa kitu ambacho hakuna mtu mwenye hakika nacho. Ni kazi ambayo mabingwa hawaigombei. Uhaba tumeujua wote: siku gauzi zimekwisha, siku ganzi imebaki ya kubahatisha, siku mashine ya eksirei iko wilayani na gari la wagonjwa halina mafuta. Hata hivyo, nikipima yote, naona kuna kingine kinachoharibu matibabu ya watoto hawa na ambacho hatupendi kukisema, nacho ni sauti inayompokea mzazi mlangoni: “Wewe mama, ulikuwa wapi mpaka mtoto akaungua hivi?” Tumezoea kulichukulia hili kuwa suala la adabu, la kuhubiriwa kwenye semina za huduma kwa mteja na kusahauliwa posho zikishagawiwa. Mimi nadai ni suala la tiba. Karipio humfanya mzazi afiche, na mzazi akificha, sisi tunatibu kitu kisichokuwepo.

Mtu mzima huja na mdomo wake. Mtoto wa miaka miwili hulia tu, na kilio cha aliyevunjika hakina tofauti ya kutegemewa na kilio cha aliyeogopa koti jeupe. Kwa hiyo maelezo ya aliyekuwa naye ndiyo kipimo chetu cha kwanza, na mara nyingi hatuna kingine. Chukua kiwiko kilichoteguka, jambo la kawaida mno kwa watoto wa kati ya mwaka mmoja na minne. Mtu amemvuta mtoto mkono ili ampandishe daladala, au amemwinua kwenye matope, au alikuwa anacheza naye tu. Kichwa cha mfupa mmoja wa mkono kikachomoka kidogo kwenye kano inayokizunguka. Mtoto anauacha mkono ubavuni, umekunjika kidogo, kiganja kimetazama nyuma, hataki uguswe, na uvimbe hakuna. Ukiambiwa ukweli kwamba alivutwa, kazi ni ya sekunde chache: unakishika kiwiko kwa mkono mmoja, kidole gumba juu ya mfupa wenyewe, na kwa mkono wa pili unakigeuza kiganja chake kitazame chini mpaka mwisho. Unahisi mlio mdogo chini ya kidole, na baada ya dakika chache anapokea biskuti kwa mkono uleule. Lakini aliyemvuta anajua atakavyofokewa, basi anasema ameanguka. Aliyeanguka huenda amevunjika juu ya kiwiko, na mkono uliovunjika hapo haugeuzwi ovyo, kwa kuwa mshipa wa damu na neva hupita jirani kabisa. Neno hilo moja linampeleka mtoto wilayani kutafuta eksirei, nauli ya familia inakwenda, na maumivu yanaendelea mpaka jioni, pengine mpaka kesho, kwa kitu ambacho kingekwisha pale pale mezani.

Kuungua kunaionyesha hasara hii waziwazi zaidi. Maji safi ya baridi yakitiririshwa juu ya jeraha kwa dakika 20 yana faida hata yakianza ndani ya saa 3 tangu mtoto aungue. Utafiti wa Queensland, Australia, uliochapishwa mwaka 2020 na kuhusu watoto 2,495, ulionyesha kuwa waliopozwa hivyo uwezekano wao wa kuhitaji kupandikizwa ngozi ulikuwa chini kwa zaidi ya asilimia 40. Maji ya bomba, au ya ndoo yanayomiminwa kwa kata pole pole, na sehemu nyingine za mwili zimefunikwa ili mtoto asipate baridi: hayo tu. Nyumbani kinachotangulia ni dawa ya meno, ute wa yai, unga wa ngano, majivu, mafuta ya kula. Mama aliyewahi kufokewa kwa ajili ya dawa ya meno, au aliyemsikia jirani akifokewa, hujifunza haraka, ila hajifunzi tulichotaka. Anaikwangua kabla ya kufika getini, na akiulizwa anasema alimmwagia maji mengi tu. Tukimsadiki tunafunga kidonda, na zile dakika 20 ambazo bado zingemfaa mtoto zinaishia kwenye kujaza daftari. Anasogeza na saa pia. Jambo la asubuhi linakuwa la sasa hivi, kwa sababu kuchelewa nako kuna maneno yake. Saa hiyo tunaihitaji kwa zaidi ya maji ya kupoza: mtoto aliyeungua zaidi ya asilimia 10 ya mwili, tukikadiria kiganja chake pamoja na vidole kuwa asilimia 1, hupigiwa hesabu ya maji ya mshipani kuanzia saa aliyoungua, wala si saa aliyofikishwa kwetu. Saa ya uongo inazaa hesabu ya uongo, hata kama tabibu amesoma kitabu chote.

Mafuta ya taa hukaa kwenye chupa ya soda uvunguni mwa kitanda, na mtoto mwenye kiu hanusi kabla ya kunywa. Hatari yake kubwa iko kwenye mapafu kuliko tumboni, ndiyo maana kumtapisha mtoto ni kumwongezea balaa: yakipanda tena huingia njia ya hewa. Maziwa nayo humfanya atapike. Mama aliyekwisha kumtapisha, akaona hali inabadilika, na anayejua kitakachompokea, huja akisema mtoto ana kikohozi. Tunahesabu pumzi: kwa aliyetimiza mwaka, pumzi 40 au zaidi kwa dakika ni kupumua haraka. Mwongozo unatuelekeza kwenye nimonia, mtoto anaandikiwa amoksilini na kurudishwa nyumbani, wakati alitakiwa kubaki machoni petu na oksijeni karibu. (Harufu husaidia, lakini si kila mara, na chumba kilichotoka kupigwa deki kwa dawa huifuta harufu nyingine yoyote.) Na kuna wanaoogopa kiasi cha kutokuja kabisa. Mtoto akimeza sarafu, wengi husubiri itoke chooni, na mara nyingi hutoka. Wanafanya vivyo hivyo kwa ile betri bapa ya duara inayotoka kwenye rimoti na midoli, ambayo ikikwama kwenye umio inaweza kuunguza vibaya ndani ya saa 2. Sijataja bado aliyegongwa na bodaboda ya jirani, ambaye familia husema alijikwaa ili kukwepa polisi na fomu ya PF3. Kwa aliyejikwaa tunaangalia goti. Aliyegongwa alipaswa kuangaliwa tumbo, kwa sababu ya bandama.

Wenzangu hunijibu kwamba bila ukali watu hawajifunzi, na kwamba mzembe akibembelezwa atarudi na mtoto mwingine. Ningelikubali hilo kama uzembe ndio ungekuwa chanzo. Nenda kwenye nyumba za kupanga uone: jiko la mkaa liko chini, kwenye korido au kibarazani, kwa sababu chumba hakina pengine pa kupikia, sufuria iko usawa wa uso wa mtoto anayeanza kutembea, anayepika ndiye anayefua, ndiye anayeuza vitumbua mlangoni. Ukali wetu haupandishi jiko juu. Kinachopunguza ajali hizi kimeshaonekana kwingine. Afrika Kusini, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1994, familia ziligawiwa vyombo vya mafuta ya taa ambavyo mtoto mdogo hawezi kuvifungua, na visa vya watoto kunywa mafuta hayo vikapungua kwa karibu nusu. Marekani ilipitisha sheria ya vifuniko vya namna hiyo mwaka 1970, kwa dawa na sumu za nyumbani. Katika yote hayo hakuna mama aliyetakiwa kuwa makini kuliko alivyokuwa jana. Mafunzo sikatai, kuweka jiko juu ya matofali na kufunga mlango wa mahali pa kupikia ni ushauri wenye maana. Ila ushauri hauingii kwenye sikio la mtu anayejitetea, na aliyemshika mtoto anayelia huwa anajitetea.

Pingamizi zito kuliko hilo ni la watoto wanaoumizwa makusudi. Wapo, na tabibu anayejifanya hawapo ni hatari. Lakini karipio ndilo njia mbovu kupita zote za kuwatambua, kwa kuwa humfundisha mwenye hatia maswali tutakayouliza huku likimziba mdomo asiye na hatia. Jeraha lenyewe husema zaidi. Mtoto aliyevuta kikombe cha chai mezani huungua kidevu, shingo, kifua na bega. Kingo hazina mpangilio, na makali hupungua kadiri chai ilivyoteremka ikipoa. Aliyetumbukizwa kwenye maji ya moto ana miguu yote miwili iliyoungua sawasawa, na mstari umekatika palepale, kama amevaa soksi. Hapo kinachohitajika ni maelezo ya utulivu, yaliyoandikwa kwa maneno ya msemaji mwenyewe, ili yalinganishwe na ngozi. Yasipolingana, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mtu yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa aziripoti kwa serikali ya mtaa, na yupo afisa ustawi wa jamii, na lipo Dawati la Jinsia na Watoto polisi. Hao wote hufanya kazi vizuri zaidi wakikuta maelezo ya kwanza hayajachafuliwa na kelele zetu.

Wengine husema upole utatujazia benchi: kila mwenye nundu ya kichwa ataletwa, na chini ya miaka mitano matibabu ni bure kisera, basi nani atazuia? Foleni ndefu ni kweli ipo, na imewahi kuua. Lakini dawa yake ni kuchambua wagonjwa wanapoingia, wala haihitaji kumtisha anayeingia. Katika Hospitali ya Queen Elizabeth, Blantyre, Malawi, Elizabeth Molyneux na wenzake walipanga upya mapokezi ya watoto ili aliye hatarini aonekane kwanza, na vifo vya waliolazwa vilivyokuwa kati ya asilimia 10 na 18 vikashuka hadi kati ya 6 na 8. Hawakupunguza wanaokuja, walibadili mpangilio wao. Dalili zenyewe za hatari kwa mtoto mgonjwa tunazifundisha kliniki kila siku: hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, amepata degedege, amelegea au hazinduki. Mama wa mtoto mwenye nundu, anayecheza na kula, akikaguliwa kwa upole na kuelezwa cha kuangalia usiku huo, yaani kutapika mara kwa mara, usingizi asioamshika, majimaji masikioni au puani, ataondoka akijua lini arudi mbio. Aliyeambiwa “umekuja kutusumbua” ameelezwa lini asirudi.

Uchovu wa watumishi siupuuzi. Muuguzi mmoja zamu nzima, chanjo upande huu, mzazi wa kujifungua upande ule, anaweza kufoka bila kukusudia. Ndiyo sababu nimekuwa nikiwafundisha vijana wanaokuja mafunzoni mpangilio wa maswali kabla ya tabia njema, maana mtu aliyechoka huukumbuka mpangilio tabia ikiwa imemkimbia. Imetokea saa ngapi? Kilikuwa nini, na chombo chake kiko wapi? Mmempaka au mmempa nini? Amefanya nini tangu hapo? Lile la “ulikuwa wapi” lisiulizwe mpaka mtoto ametulia, na liulizwe hivi: mtoto alikuwa wapi, na nani alikuwa karibu? Iwapo aliyekuwa karibu ni dada wa kazi, na mwajiri wake amesimama nyuma yake amekunja mikono, upole wa tabibu peke yake hautoshi. Mwajiri hupewa karatasi aende dirisha la dawa, na dada huulizwa wakati huo.